Breki za Nyuma Zinapolia: Kutafuta Chanzo cha Kelele na Kuimaliza

Gari ndogo nyingi zinazotembea kwenye barabara zetu, kuanzia Toyota Vitz, IST, Passo na Probox hadi Nissan March na Mazda Demio, zina breki za diski mbele na za dramu nyuma. Diski iko wazi. Ukichungulia kwenye matundu ya ringi unaona padi, kile kipande kinachobana diski, imebaki kiasi gani. Dramu imejifunika. Ndiyo maana breki za mbele hukaguliwa kila mara, na za nyuma husahaulika mpaka zianze kupiga kelele. Kelele ikianza, ushauri wa kwanza utakaopewa gerejini ni kununua shuu mpya, yaani vile vyuma vilivyopinda ndani ya dramu vinavyotanuka na kuibana.

Mara nyingi shuu hazina kosa. Ukikanyaga breki uzito wa gari hulalia mbele, kwa hiyo breki za mbele ndizo zinazofanya sehemu kubwa ya kazi na lainingi za nyuma, yaani tabaka la msuguano lililo juu ya shuu, hudumu muda mrefu kuliko padi. Kinachotangulia kuharibika nyuma ni vitu vingine: vumbi limejaa ndani ya dramu, sehemu zinazosuguana zimekauka grisi, ajasta, yaani kifaa kinachosogeza shuu karibu na dramu, imeshikwa na kutu, au waya wa hendibreki umekwama na haurudi. Ukifunga shuu mpya juu ya matatizo hayo, kelele itarudi baada ya muda mfupi na pesa yako imeshakwenda. Kwa hiyo utaratibu ninaoupendekeza ni kuisikiliza kelele kwanza, kufungua na kukagua, na dukani kwenda mwisho. Nitaeleza zaidi dramu za Toyota ndogo kwa sababu ndizo zilizoenea. Mwenye gari lenye diski nyuma nimemwekea sehemu yake baadaye.

Lakini zipo dalili ambazo hazisubiri Jumamosi ya mapumziko. Ukisikia chuma kinasaga chuma, pedali ikishuka chini kuliko kawaida, mafuta ya breki yakipungua kwenye kopo lake, ukiona unyevunyevu upande wa ndani wa tairi, au gurudumu likitoa moshi au harufu ya kuungua, acha kuliendesha gari hilo. Litengenezwe hapo lilipo au livutwe. Lainingi ikibanduka kutoka kwenye chuma cha shuu inaweza kujikunja ndani ya dramu na kulifunga gurudumu ghafla ukiwa njiani.

Kila kelele ina lugha yake

Kelele ya asubuhi ndiyo inayowatia watu wasiwasi bure. Gari likilala nje, hasa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Unguja ambako hewa ina unyevu na chumvi, uso wa chuma ndani ya breki hupata kutu nyepesi usiku kucha. Ukikanyaga breki mara chache za kwanza utasikia mkwaruzo au mguno, kisha unapotea. Hiyo haihitaji fundi. Ikiendelea baada ya kilomita mbili tatu, hapo ndipo pa kuanza kuuliza.

Mluzi mwembamba unaosikika unapokanyaga breki taratibu, na kutoweka ukikanyaga kwa nguvu, mara nyingi hutokana na lainingi iliyong'aa kama kioo kwa sababu ya joto, au vumbi lililoshindiliwa ndani ya dramu. Lainingi hung'aa hivyo endapo breki zinaburuza, yaani zinagusa dramu hata usipokanyaga, na chanzo kikubwa cha kuburuza ni hendibreki isiyoachia yote.

Mkwaruzo mzito unaoendana na kukanyaga breki, wenye mtetemo unaousikia mpaka kwenye kiti, unaashiria lainingi imekwisha na chuma au vichwa vya ribiti vinakula dramu. Huu haubadiliki kwa hali ya hewa wala kwa saa ya siku.

Mlio mmoja wa kugonga, "tak", unapokanyaga breki kwa mara ya kwanza baada ya kutoka rivasi kwenda mbele, ni shuu inayohama kidogo kwenye bati la nyuma, yaani bati linalobeba shuu na kuifunika dramu kwa ndani. Mahali inapokalia pamekauka au pameliwa mpaka pakawa na kijishimo. Ukisikika kila unapokanyaga, shuku springi zilizolegea au pini ya kubana shuu iliyokatika.

Msuguano unaokuja na kupotea kwa kila mzunguko wa gurudumu, "shwi... shwi... shwi", hata mguu ukiwa mbali na pedali, ni dramu isiyo duara kamili, ukingo wa bati la nyuma uliopinda na kugusa dramu, au jiwe dogo lililonaswa. Ukiongeza mwendo unasikika kwa haraka zaidi.

Mvumo usiojali breki, unaoongezeka na mwendo kasi, kwa kawaida ni beringi. Njia ya kuutambua ni kukata kona ndefu: gari likikata kulia uzito hulalia magurudumu ya kushoto, na mvumo ukizidi hapo, beringi ya kushoto ndiyo inayolia. Breki utazifungua bure.

Jaribu barabarani kabla ya kupandisha jeki

Sauti ndani ya gari hudanganya. Kelele ya mbele inaweza kusikika kana kwamba inatoka chini ya kiti cha nyuma, hasa viti vikiwa vimekunjwa. Tafuta barabara tupu iliyonyooka yenye ukuta upande mmoja, teremsha vioo, uendeshe polepole karibu na ukuta huo. Ukuta utakurudishia sauti na utaweza kujua kama inatoka mbele au nyuma. Kisha geuza gari, ukuta uwe upande wa pili, usikilize tena.

Jaribio la pili ndilo ninaloliamini kuliko yote. Kwenye karibu gari zote hizi hendibreki hukamata magurudumu ya nyuma tu. Barabara ikiwa kavu, tupu na iliyonyooka, ukiwa kwenye mwendo wa kama kilomita 20 kwa saa, bonyeza kitufe cha hendibreki na uendelee kukishikilia, halafu vuta mkono wa hendibreki polepole mpaka gari lianze kupungua mwendo. Usikiachie kitufe hata kidogo, ili uweze kuachia mara moja gurudumu likianza kujifunga. Kelele ikijitokeza kwa hendibreki peke yake, umeshajua iko nyuma. Ikiwa haitokei kwa hendibreki lakini inatokea kwa pedali, chunguza breki za mbele kwanza.

La tatu ni joto. Endesha kilomita tano hadi kumi ukitumia breki kidogo iwezekanavyo, usimamishe gari taratibu, kisha sogeza kiganja karibu na kila ringi bila kugusa. Magurudumu mawili ya nyuma yanapaswa kulingana. Moja likiwa la moto waziwazi kuliko mwenzake, breki hiyo inaburuza.

Vifaa na usalama

Utahitaji jeki, stendi mbili imara, spana ya tairi, bisibisi bapa mbili, moja iwe nyembamba, plaisi ya kawaida na ya mdomo mrefu, nyundo ya mpira au ya kawaida pamoja na kipande cha ubao, msasa mkali wa namba 80 hadi 120, brashi, dawa ya kusafishia breki ya kopo la kupuliza, grisi inayovumilia joto kali, na boliti mbili za M8 zenye uzi wa 1.25. Nitaeleza kazi ya boliti hizo hivi punde. Miwani ya kukinga macho usiiache, kwa sababu springi za breki zikichomoka huruka usoni.

Egesha kwenye sakafu ngumu na tambarare, si kwenye mchanga. Tia vizuizi mbele na nyuma ya magurudumu yote mawili ya mbele. Gia ya otomatiki iweke P, ya kawaida iweke namba moja. Vizuizi hapa ni lazima kwa sababu utaiachia hendibreki, na magurudumu ya nyuma yatakuwa hewani. Legeza nati za tairi kidogo gari likiwa bado chini. Pandisha kwa jeki kwenye alama zilizo ukingoni chini ya mlango, weka stendi, shusha gari likalie stendi, kisha lisukume kwa mkono uone kama limetulia. Usiingize hata mkono chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Tofali lisitumike kama stendi. Hupasuka bila kutoa ishara.

Vumbi la breki nalo ni hatari. Lainingi za zamani zilitengenezwa kwa asbestosi, na kwa kuliangalia tu huwezi kujua vumbi lililo mbele yako limetoka kwenye lainingi gani. Usilipulize kwa mdomo wala kwa kompresa kama inavyofanyika kwenye gereji nyingi. Lilowanishe kwa dawa ya breki au maji yenye sabuni kidogo, uweke beseni chini, halafu ulifute na kitambaa utakachokitupa. Vaa barakoa.

Kuitoa dramu

Hakikisha hendibreki imeachiwa kabisa. Zungusha gurudumu kwa mkono kabla hujalitoa na usikilize: mguso mwepesi wa lainingi unaolingana mzunguko mzima ni sawa, mguso wa sehemu moja tu au ugumu wa kuzunguka si sawa. Toa tairi na uiingize chini ya kizingiti cha gari kama kinga ya ziada.

Kwenye Vitz na ndugu zake, dramu imevalishwa tu kwenye boliti za gurudumu na hushikiliwa na nati za tairi. Kwa nadharia unaivuta inatoka. Kwa vitendo, kutu inakuwa imeishika kwenye habu (kitovu cha gurudumu), au lainingi zimechimba ndani na kuacha ukingo unaozuia isitoke. Gonga uso wa dramu kati ya boliti, ukizunguka, si kwenye ukingo. Ikikataa, angalia usoni mwake: dramu za Toyota zina matundu mawili madogo yenye nyuzi. Hapo ndipo boliti zako za M8 zinapoingia. Zikaze kwa zamu, nusu mzunguko huku, nusu mzunguko kule, na zitaisukuma dramu nje bila fujo.

Ikiwa inasogea halafu inakwama, ajasta imezipanua shuu mno. Nyuma ya bati kuna tundu dogo lenye kizibo cha mpira. Kitoe, ingiza bisibisi nyembamba ukisukume pembeni kikono cha ajasta, na kwa bisibisi ya pili rudisha nyuma lile gurudumu dogo la meno, jino baada ya jino. Usikipuuze kikono hicho. Ukilazimisha meno kurudi bila kukiondoa utayavunja. Usiingize bisibisi kubwa kati ya dramu na bati ukashinikiza, maana bati litapinda na utakuwa umejitengenezea kelele mpya.

Kwenye baadhi ya gari dramu na habu ni kitu kimoja, imefungwa na nati kubwa katikati chini ya kifuniko. Hizo huingiliana na beringi, na nati yake ina nguvu maalumu ya kukaza. Bila kitabu cha gari hilo, mwachie fundi.

Unachotafuta ndani

Kabla hujagusa chochote, piga picha kadhaa kwa simu, kwa karibu, kila pembe. Kisha fungua upande mmoja tu kwa wakati. Upande wa pili ubaki umekamilika kama kielelezo, ukikumbuka kwamba ni kinyume chake.

Lainingi ndiyo ya kwanza. Kiwango cha chini ambacho Toyota huruhusu kwenye gari hizi ni milimita 1.0, lakini mtu mwenye busara hasubiri ifike hapo. Ikibaki milimita 2 ninabadilisha. Kama lainingi imefungwa kwa ribiti badala ya gundi, pima kutoka kwenye kichwa cha ribiti, si kutoka kwenye chuma. Shuu ya mbele kwa kawaida huliwa zaidi kuliko ya nyuma kwa sababu mzunguko wa dramu huivuta ijikaze, kwa hiyo tofauti ndogo isikutishe. Tofauti kubwa kati ya upande wa kulia na wa kushoto ndiyo ya kutisha: upande mmoja haufanyi kazi au mwingine unaburuza. Angalia pia nyufa na kingo zilizomeguka.

Baada ya hapo tazama silinda ndogo iliyo juu, inayosukuma shuu. Inua taratibu ukingo wa mpira wake wa vumbi kwa bisibisi. Unyevu kidogo unaweza kuvumilika, lakini mafuta yakitiririka, silinda imekufa na ibadilishwe. Lainingi iliyolowa mafuta ya breki au grisi hata usijaribu kuiosha kwa petroli. Mafuta yameshaingia ndani yake na yatatoka tena ikipata joto, ama ipige mluzi, ama ikamate ghafla na kulivuta gari upande mmoja. Itupe, na ununue seti ya magurudumu yote mawili. Ukikuta grisi au oili nzito badala ya mafuta ya breki, chanzo kinaweza kuwa beringi au sili ya ekseli, na hiyo imalizwe kwanza.

Dramu ina siri zake. Ndani au ukingoni mwake kumechongwa kipenyo cha juu kinachoruhusiwa. Dramu ya milimita 200, kwa mfano, huwa na kikomo cha 201. Mifereji mirefu unayoihisi kwa ukucha, au kuvimba kwa sehemu sehemu, huhitaji mkereza vyuma aikereze, ilimradi baada ya kukereza isizidi kikomo hicho. Ukiona madoa ya bluu au meusi yanayong'aa, hapo chuma kiliungua na kuwa kigumu kuliko sehemu nyingine. Dramu ya namna hiyo hupiga mluzi hata kwa lainingi mpya, na mara nyingi kuikereza hakusaidii sana kwa kuwa ugumu umezama. Nunua nyingine.

Sasa rudi kwenye bati la nyuma, mahali ambapo mafundi wengi hawaangalii. Kuna vijukwaa vidogo vilivyoinuka, kwa kawaida sita, vitatu kwa kila shuu, ambavyo ukingo wa shuu huteleza juu yake. Vikikauka, shuu hulia na kukwama. Vikiliwa, shuu huingia kwenye kijishimo na kutoka kwa mlio ule wa "tak". Kijishimo kidogo husawazishwa kwa msasa. Kikubwa hujazwa kwa kuchomelea na kusawazishwa kwa tupa, au bati libadilishwe.

Springi nazo zikague: pete zake zinapaswa kubanana zikiwa zimelegezwa. Ukiona nafasi kati ya pete, springi imechoka kwa joto na hairudishi shuu inavyotakiwa. Mwisho, tikisa kikono cha hendibreki kilichoungana na shuu ya nyuma. Hendibreki ikiwa imeachiwa, kikono hicho lazima kirudi mpaka kigonge kizuizi chake kwenye shuu. Kikibaki kimeinuka, waya umekwama kwenye ala yake au umekazwa kupita kiasi, na mkazo huo pia huinyima ajasta nafasi ya kujirekebisha.

Ikiwa kila kitu bado ni kizima

Hii ndiyo hali inayokutwa mara nyingi, na gharama yake ni msasa, dawa na grisi kidogo. Lowanisha na ufute vumbi lote. Toa shuu kwa kufungua kwanza zile springi ndogo zinazozibana kwenye bati: shika pini kwa nyuma na kidole, bonyeza kikombe cha springi kwa plaisi, kizungushe robo mzunguko, kitaachia. Usiikanyage pedali ya breki dramu ikiwa imetoka, maana pistoni za silinda zitachomoka na mafuta yatamwagika. Mwambie kila aliye karibu na gari.

Sugua uso wa lainingi kwa msasa mpaka mng'ao uishe na rangi iwe ya kufifia. Kingo za mwanzo na mwisho wa lainingi zipunguze kwa mshazari kidogo. Pembe kali ndiyo inayokwangua dramu na kuanzisha mluzi. Ndani ya dramu piga msasa kwa mikwaruzo inayokatana, si ya kufuata mzunguko, halafu ioshe na kuikausha. Ukingo wa kutu nje ya njia ya lainingi utoe kwa tupa au brashi ya chuma.

Kisha grisi, na hapa uwe bahili. Paka tabaka jembamba kwenye vile vijukwaa vya bati, kwenye nyuzi za ajasta, na mahali kikono cha hendibreki kinapojipinda. Grisi ya kawaida ya beringi haifai, maana ikipata joto huyeyuka na kutiririkia kwenye lainingi. Vilainishi vya kupuliza vya kulegeza kutu navyo visikaribie kabisa ndani ya dramu. Ajasta ifungue, isafishe mpaka izunguke kwa vidole, uirudishe kwenye upande wake uleule. Ya kulia na ya kushoto zina nyuzi za kinyume. Ukizibadilishana, kila ajasta itakuwa inazifunga shuu badala ya kuzipanua, na utashangaa kwa nini pedali inazidi kushuka kila wiki.

Ikiwa shuu ni za kubadilisha

Zibadilishwe zote nne, kulia na kushoto. Nenda dukani na shuu ya zamani mkononi, iwe ni Kariakoo ya Dar es Salaam, Kirinyaga Road ya Nairobi au mjini kwako, uilinganishe kwa jicho: upana, mpindo wa chuma, matundu ya springi na pini. Jina la gari peke yake halitoshi, maana IST mbili za miaka tofauti zinaweza kutofautiana. Uliza na seti ya springi. Bei yake ni ndogo ukilinganisha na kazi ya kufungua upya. Lainingi inayomeguka ukiikwaruza kwa ukucha, au ambayo gundi yake inaonekana imepakwa ovyo, iache hapohapo.

Shuu ya nyuma mpya mara nyingi huja bila kikono cha hendibreki. Itabidi ukihamishe kutoka kwenye ya zamani, kilikofungwa kwa washa yenye umbo la herufi C. Itanue uitoe, na wakati wa kurudisha tumia mpya, uibane vizuri kwa plaisi. Ikichomoka barabarani itazunguka ndani ya dramu.

Ukibadilisha silinda, tumia mafuta yaliyoandikwa kwenye kifuniko cha kopo la breki, kwa kawaida DOT 3 au DOT 4, kutoka kwenye chupa ambayo haijakaa wazi muda mrefu, maana mafuta haya hunyonya unyevu wa hewani. Oili ya injini au ya haidroliki ikiingia humo huharibu mipira yote ya mfumo. Halafu toa upepo: chomeka bomba laini kwenye nipo ya silinda (kijiboliti chenye tundu cha kutolea upepo), ncha ya pili iwe ndani ya mafuta kwenye chupa, msaidizi akanyage na kushikilia, wewe fungua nipo, funga, ndipo yeye aachie. Rudieni mpaka mapovu yaishe, na kopo la juu lisikauke hata mara moja. Mafuta yakidondokea rangi ya gari, mwagia maji mengi haraka.

Kurudisha na kurekebisha

Mpangilio hapa una maana kubwa: shuu hurekebishwa kwanza, waya wa hendibreki mwisho. Anayekaza waya ili hendibreki ishike juu, wakati shuu ziko mbali na dramu, anaanzisha kuburuza ambako ndiko kulikoleta mluzi tangu mwanzo.

Zungusha meno ya ajasta mpaka dramu iingie kwa kubanana kidogo. Valisha dramu, ifunge kwa nati mbili, kanyaga pedali mara kadhaa ili shuu zikae katikati, kisha izungushe. Unatakiwa kusikia mnong'ono mwembamba wa lainingi, bila kukwama. Ongeza au punguza kupitia lile tundu la nyuma mpaka pande zote mbili zilingane, urudishe vizibo vya mpira. Bila hivyo, maji ya madimbwi yataingia moja kwa moja. Sasa vuta hendibreki na kuhesabu milio yake. Kwenye gari nyingi ndogo inapaswa kushika vizuri kati ya mlio wa 5 na wa 9. Ikizidi, ndipo uguse nati ya waya.

Nati za tairi zikaze kwa mtindo wa msalaba. Kwa Toyota nyingi ndogo nguvu yake ni nyutoni mita 103. Kabla hujaondoka, kanyaga pedali mpaka iwe ngumu na ya juu. Kisha tafuta mahali tulivu, ufanye vituo kama kumi vya taratibu kutoka kilomita 50 hadi 20 kwa saa, ukiacha muda wa kupoa katikati, ili lainingi ijifunze umbo la dramu. Siku za mwanzo pedali au hendibreki inaweza kushuka kidogo kadiri shuu zinavyokaa.

Gari lenye diski nyuma

Mluzi wa kudumu ukiwa unaendesha, unaobadilika ukigusa breki, mara nyingi ni kile kibati cha onyo kwenye padi kinachogusa diski kukuambia padi imekwisha. Padi ikiwa bado nene, toa kalipa, kile chuma kinachozibana padi kwenye diski, na uangalie pini zake za kutelezea. Zikikwama, padi ya ndani huliwa peke yake huku ya nje ikibaki mpya. Zisafishe na uzipake grisi ya silikoni inayoelewana na mpira. Grisi ya petroli huivimbisha mipira yake na kuzikwamisha tena. Vibati vyembamba vya nyuma ya padi na klipu zake virudishwe vyote, kwa kuwa kazi yake ni kuzuia mtetemo unaozaa mluzi. Kuna wakati kelele ya kutisha kabisa ni kokoto tu iliyoingia kati ya diski na bati la kukinga vumbi.

Wenye Subaru Forester, Mark X na baadhi ya RAV4 wana jambo la ziada: katikati ya diski kuna dramu ndogo ya hendibreki yenye shuu zake. Kwao jaribio la hendibreki nililolieleza ni dhahabu, kwa sababu kelele ikitokea kwa hendibreki tu, padi hazihusiki. Kwa upande mwingine, gari kama VW Golf nyingi zina hendibreki ndani ya kalipa, na pistoni yake hurudi kwa kuizungusha huku ukiisukuma. Ukiibana kwa klempu kama ya mbele utaivunja. Na kama hendibreki ni ya kitufe cha umeme, mfumo lazima uwekwe kwanza kwenye hali ya matengenezo kwa mashine ya kupimia gari, usilazimishe.

Baada ya kama kilomita 100, kaza tena nati za tairi kwa kipimo kilekile, rudia lile jaribio la joto, na angalia kiwango cha mafuta kwenye kopo. Gurudumu moja likiwa bado na joto kuliko mwenzake, fungua upande huo tu, uanze na waya wa hendibreki.